Farasi wa Mbao Hafi kwa Kupandwa

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi mzaliwa wa Tanga, sasa ni mwaka wa tisa niko Ohio. Karibu na kwetu kuna bustani ya burudani yenye karuseli ya zamani, ile bembea kubwa ya farasi wa kuzunguka. Kibao cha pale kinasema farasi wamechongwa kwa mkono zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kila kiangazi nawapeleka wanangu. Nilianza kwenda kwa ajili yao, sasa nakwenda kwa ajili yangu. Mwaka huu nimekuta farasi wawili wa safu ya nje hawapo, na mahali pao wamewekwa wengine wanaong'aa kama sahani ya plastiki. Waliobaki, baadhi wana nyufa shingoni. Na kuna maneno kwamba eneo lote litauzwa. Naomba kujua: hawa farasi wanaelekea wapi? Ni sisi tunaowapanda ndio tunaowaua? Na mtu kama mimi, mgeni, asiye na kitu, ana nafasi gani ya kusema? Mama Salma."

Marahaba, Mama Salma.

Naanza na swali lako la katikati, maana naona ndilo linalokunyima raha. Hapana, hamuwaui. Farasi hawa walichongwa ili wapandwe, na mtoto wa kilo 20 hamfanyi farasi wa namna hii kitu chochote ambacho fundi wake hakukitarajia. Nimewafungua wengi tumboni na kuwaona ndani. Waliopotea, karibu wote, hawakupotezwa na uzito wa watoto. Walipotea siku walipotenganishwa na wenzao.

Nitalirudia hilo, lakini kwanza nikueleze kwa nini moyo wako umenasa pale, kwa sababu wangu pia ulinasa hivyo hivyo. Mimi patasi nilifundishwa kuishika na mjomba wangu Mombasa, Mji wa Kale, kwenye miimo ya milango. Nilipofika nchi hii nikaajiriwa karakana ya kukarabati samani za kale, na siku moja akaletwa farasi wa mbao amefungwa blanketi kama mgonjwa. Tulipomfunua nilimzunguka nikitafuta kile mjomba alichonifundisha kukitafuta kwenye kazi ya mtu: amechoka wapi? Upande wa kulia sikupaona. Manyoya ya shingo yamechongwa yamepeperuka, hatamu ina vifundo, puani kuna mishipa ya damu. Nikahamia upande wa kushoto, nikakuta mwili laini, hauna ua wala kifundo. Nikacheka peke yangu, kwa sababu mlango wa Lamu nao uko hivyo hivyo. Nakshi zote zinatazama barabarani, na ukiwa ndani unaona ubao na misumari.

Sababu yake ni rahisi. Karuseli za Marekani huzunguka kinyume cha mshale wa saa, kwa hiyo ubavu wa kulia wa farasi ndio unaotazama watu waliosimama nje. Huko ndiko mchongaji alikomwaga roho yake. Uingereza ni kinyume: karuseli zao huzunguka kufuata mshale wa saa, kwa hiyo urembo uko kushoto, na unapanda kutoka kushoto kama unavyopanda farasi wa kweli. Ukienda tena, mpe Salma kazi ya kulinganisha mbavu mbili za farasi mmoja. Watoto hufurahi sana wakigundua siri ya fundi.

Na safu ya nje ndiyo ya heshima. Farasi wakubwa wa nje mara nyingi hawapandi wala hawashuki. Wamesimama, miguu mitatu au yote minne chini, na ndio waliochongwa na fundi mkuu mwenyewe. Wale wa ndani, wadogo, wanaoruka juu na chini, waliachiwa wasaidizi na wanafunzi. Ndiyo maana nilishtuka niliposoma kwamba waliotoweka kwenu ni wawili wa nje.

Umesema wewe ni mgeni. Mama Salma, karuseli ya Marekani ni kazi ya wageni karibu tangu mwanzo hadi mwisho. Gustav Dentzel alitoka Ujerumani, akafungua karakana yake Philadelphia miaka ya 1860. Charles Looff alitoka mpakani mwa Ujerumani na Denmark, na mwaka 1876 akaweka karuseli ya kwanza ya Coney Island, New York, ambayo aliichonga kwa mkono wake. Marcus Illions alitoka Lithuania. Charles Carmel, Solomon Stein na Harry Goldstein walikuwa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, na miongoni mwa wachongaji wa kundi lao wapo waliochonga makabati ya Taurati na simba wa masinagogi kwa patasi zile zile walizochongea farasi wa Coney Island. Ukitazama simba wa sinagogi na kichwa cha farasi wa Illions, manyoya yale ya dhahabu yaliyosimama kama moto, unaona mkono mmoja. Wengi wao walifika wakiwa hawajui lugha, wakakuta kazi wanayoiweza, wakaifanya kwa namna ambayo wenyeji hawajawahi kuiona. Kwa hiyo mgeni anapoipenda karuseli hajavamia cha watu.

Nikuongezee jingine ambalo watu wengi wa rangi yetu hawalijui. Tarehe 30 Juni 1960, wanafunzi weusi waliingia bustani ya Glen Echo, Maryland, ambako weusi walikuwa hawaruhusiwi, wakakaa juu ya wanyama wa karuseli ya Dentzel wakiwa na tiketi mkononi, wakakataa kushuka. Wakakamatwa. Kesi yao ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu zao zikafutwa mwaka 1964, lakini bustani yenyewe ilikuwa imeshafunguliwa kwa watu wote tangu 1961. Karuseli nyingine, ya Gwynn Oak, Baltimore, ilipandwa na mtoto mweusi kwa mara ya kwanza tarehe 28 Agosti 1963, siku ile ile Martin Luther King alipohutubia Washington. Mtoto huyo, Sharon Langley, hakuwa ametimiza hata mwaka. Karuseli hiyo ilihamishwa mwaka 1981 ikawekwa katikati ya Washington, kwenye uwanja ule ule wa mkutano wa King. Wanao wanapanda bila kuulizwa na mtu kwa sababu kuna waliokubali kufungwa pingu juu ya farasi wa mbao. Nafasi yako ya kusema ililipiwa zamani.

Sasa nyufa.

Farasi wa karuseli si gogo. Angekuwa gogo angepasuka miaka miwili ya kwanza, na angekuwa mzito hata nguzo isimwinue. Kiwiliwili ni sanduku: mbao zimeunganishwa kwa gundi, ndani tupu. Kichwa na shingo vimetengenezwa peke yake, miguu peke yake, kisha vyote vikaunganishwa na kuchongwa pamoja mpaka viungo visionekane. Miti yao ni laini, ya kukubali patasi: lindeni, popla, msonobari. Gundi ya enzi zile ni ya ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo ni nzuri kupita gundi nyingi za leo kwa jambo moja, kwamba fundi anaweza kuilainisha kwa joto na unyevu akafungua kiungo bila kuvunja mbao. Lakini sifa hiyo hiyo ni udhaifu wake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi gundi hulegea, na ikikauka sana mbao husinyaa na kiungo hufunguka. Ohio, kama ujuavyo, ina Julai ya jasho kama Tanga na Januari ya kukausha midomo. Jengo la karuseli likiwa wazi mbavu zote, au limefungwa majira ya baridi bila joto lolote, farasi wanavuta na kusukuma pumzi mwaka mzima.

Kwa hiyo ufa ulionyooka, unaofuata mstari wa shingo inapokutana na mabega, mara nyingi ni kiungo kilichofunguka tu. Huo ni ugonjwa unaotibika. Ufa wa kutisha ni ule unaokata nyuzi za mbao, hasa kwenye kifundo cha mguu, au unaozunguka mahali nguzo inapoingia mgongoni, kwa sababu pale ndipo uzito wote unaponing'inia. Ukiona huo, mwambie mhudumu siku hiyo hiyo, bila kusubiri kuandika barua. Hapo ni usalama wa mtoto.

Kuna kosa jingine nimeliona kwa macho yangu, na linaniuma mpaka leo. Bustani moja, ambayo sitaitaja, ilituletea farasi 11 ambao kwa miaka mingi nyufa zao zilijazwa puti ya magari na kufungwa kwa skrubu za chuma. Puti haitembei pamoja na mbao. Kila majira mbao zilipotanuka, puti ilisimama pale pale, na ufa mmoja ukawa mitatu. Skrubu zikashika kutu ndani. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa mafundi wa mitambo wenye msimu wa kuanza Jumamosi na hakuna aliyewaambia kwamba kile ni kitu kingine. Ila kazi ya kutoa ile puti ilituchukua muda mrefu kuliko ukarabati wenyewe.

Rangi ni habari ndefu, nami nina msimamo. Bustani nyingi zilipaka upya kila baada ya misimu michache, rangi juu ya rangi, mpaka nakshi zikazama kama uso uliopakwa unga. Katika miaka ya 1970 na 1980, waliokusanya farasi hawa majumbani waliwavua rangi zote kwa dawa, wakawaacha mbao tupu zenye vanishi. Huo kwangu ni msiba, kwa sababu hakuna mchongaji hata mmoja aliyekusudia farasi wake atembee uchi. Njia nzuri ni kufungua dirisha dogo, sentimita chache, tabaka kwa tabaka kwa kisu cha daktari, mpaka ufike rangi ya kwanza, uinakili, kisha uamue. Karuseli ya Glen Echo ilikarabatiwa hivyo, kuanzia 1983 hadi 2003, miaka 20, kwa sehemu kubwa na mikono ya mwanamke mmoja, Rosa Patton. Pale wapo sungura, mbuni, simba na twiga, wote walipata rangi zao za ujana. Nakuonya tu: tabaka za zamani zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Rangi ikibambuka kwenye farasi wenu, watoto wanawe mikono kabla ya kula, na mtu asije akajitolea kukwangua kwa msasa bila vifaa.

Wale wawili wanaong'aa ni faibaglasi, yaani plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo. Ukitaka uhakika, gonga kwa kifundo cha kidole: mbao inajibu kwa sauti nzito ya mtungi, faibaglasi inalia kama ndoo. Tazama tumboni kama kuna mshono mrefu wa kalibu. Tazama mkia: wazee wengi wana mkia wa singa za farasi wa kweli. Na usiwachukie hawa wapya kabla ya kuuliza. Kuna bustani ambazo humtoa farasi dhaifu zikamweka mwenzake wa kalibu ili karuseli isisimame msimu mzima, na mzee amelala karakana akitibiwa. Hilo ni jema. Kuna nyingine humtoa zikamweka kwenye kioo cha makumbusho yao wenyewe. Hilo nalo nalivumilia. Ila kuna zilizomtoa zikamuuza, kimya kimya, kwa sababu farasi mmoja wa nje wa fundi mwenye jina hupata bei ya gari jipya au zaidi. Kwa hiyo swali la kuuliza ni dogo na lina adabu: "Wale wawili wako wapi, na watarudi lini?" Jibu likiwa na jina la karakana na mwezi wa kurudi, lala usingizi. Jibu likiwa ni kutazama pembeni, endelea kuuliza.

Hapo ndipo tunafika kwenye uvumi wa kuuzwa.

Hesabu iliyoua karuseli nyingi ni hii: farasi mmoja mmoja wanaleta pesa nyingi kuliko karuseli nzima. Katika enzi yao ya dhahabu, tuseme 1880 mpaka 1930, zilichongwa kwa maelfu Marekani. Leo zile za mbao zinazozunguka bado hazifiki 200. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulifunga karakana, moto na vimbunga vikachukua sehemu, alumini na faibaglasi zikachukua soko. Ila zile zilizokuwa zimenusurika zote hizo zikaja kukutana na dalali. Katika minada mingi ya karuseli utaratibu ulikuwa wa kutisha: farasi wananadiwa mmoja mmoja, bei zinaandikwa, zinajumlishwa, kisha mtu anaulizwa kama yupo wa kununua zote kwa zaidi ya jumla ile. Asipokuwapo, ndani ya saa moja kundi lililokaa pamoja miaka 70 linapakiwa kwenye malori 40.

Mfano ulio karibu nawe ni wa Youngstown, hapo hapo Ohio. Bustani ya Idora ilikuwa na karuseli ya mwaka 1922, namba 61 ya kampuni ya kutengeneza karuseli ya Philadelphia Toboggan, farasi 48. Mwaka 1975 iliingizwa katika Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, ikawa karuseli ya kwanza kupata heshima hiyo. Watu wakaamini imepona. Aprili 1984 moto ukateketeza sehemu ya bustani, mwisho wa msimu ikafungwa, na Oktoba mwaka huo huo karuseli ikapelekwa mnadani. Rejista haikuizuia, na haikuwa na uwezo wa kuizuia. Mali ya mtu binafsi ikiandikwa humo, mwenyewe bado ana haki ya kuiuza, kuihamisha, hata kuibomoa, ilimradi hatumii fedha za serikali kuu. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona wananchi wakipoteza miaka miwili kupigania kibao cha shaba cha Rejista, wakapata kibao, wakakosa farasi.

Ile ya Idora ilinusurika kwa bahati. Jane na David Walentas walikuja kutoka New York wakainunua nzima kwa dola 385,000. Jane alikuwa msanii. Alikaa miaka mingi na wale farasi karakanani, akikwangua rangi kwa kisu kidogo mpaka akafika ya kwanza. Mwaka 2011 ikaanza kuzunguka tena Brooklyn, ukingoni mwa mto, ndani ya jumba la vioo lililosanifiwa na Jean Nouvel. Mwaka uliofuata kimbunga Sandy kilifika, maji yakaizunguka pande zote, taa zikiwa bado zinawaka ndani, na farasi wakabaki wakavu. Nashukuru. Lakini Youngstown imebaki bila karuseli yake, na huwezi kupanga uhifadhi wa nchi kwa kusubiri tajiri mwenye moyo aamke siku ya mnada.

Kwetu Pwani tuna neno ambalo Wamarekani walilihitaji, nalo ni wakfu. Ukiweka nyumba au shamba wakfu, umekifunga: hakiuzwi, hakirithiwi, hakigawanywi, na manufaa yake yanakwenda kwa watu uliowataja. Ukizichunguza karuseli zilizo salama leo utakuta nyingi kati yao zimewekwa wakfu kwa jina jingine. Ile ya Oak Bluffs, kisiwa cha Martha's Vineyard, ya mwaka 1876, ambayo ndiyo ya zamani kuliko zote zenye jukwaa zinazofanya kazi Marekani, ilinunuliwa mwaka 1986 na taasisi ya kisiwa yenye kazi hiyo tu ya kushika mali za kale. Watoto pale bado wanachomoa pete kwa kidole wakizunguka, na atakayepata ya shaba anapanda tena bure. Coney Island, familia iliyokuwa na karuseli ya B&B ilipoamua kuiuza mwaka 2005, jiji la New York lilitoa dola milioni 1.8 kabla mnada haujafika, likaipeleka Ohio kukarabatiwa, na tangu 2013 inazunguka kando ya bahari ile ile.

Na kama unadhani ni lazima uwe jiji kubwa, kuna Burlington, Colorado, mji mdogo wa wakulima kwenye uwanda mkavu. Mwaka 1928 viongozi wa wilaya walinunua karuseli ya mwaka 1905 kutoka Denver kwa dola 1,200. Wapiga kura walikasirika: pesa ya umma kwa farasi wa kuchezea? Mdororo ulipokuja ilifungwa, jengo likageuzwa ghala la nafaka, panya wakaingia mpaka ndani ya kinanda. Hakuna aliyekuwa na fedha ya kuiboresha, wala ya kuipaka upya. Ile ile shida ndiyo iliyoitunza. Leo wanyama wake 46, pamoja na picha zilizochorwa kwenye paneli zake, bado wana rangi ya kwanza ya 1905, jambo ambalo karuseli nyingine yoyote kubwa ya nchi hii haina. Mwaka 1981 wezi waliiba wanyama wanne, wakapatikana, wakarudishwa, na mji ukasherehekea kama ndugu wametoka vitani. Wazee waliotukanwa kwa zile dola 1,200 hawakuiona siku hiyo.

Unaona kinachofanana? Uamuzi ulifanyika mwenye mali akiwa hai na yuko tayari kuzungumza. Holyoke, Massachusetts, bustani yao ya mlimani ilipofungwa mwaka 1987, mwenyewe aliwapa wenyeji nafasi ya kwanza ya kununua karuseli, badala ya kuwaita madalali. Walichangishana. Wanafunzi wa shule walipita mlango kwa mlango. Mwaka 1993 ilifunguliwa katikati ya mji. Wakenya wana jina la ajabu kwa mchezo wa kuchangiana na kupokezana fedha: wanauita merigoraundi, yaani jina la Kiingereza la karuseli hii hii. Sijaona mji uliookoa karuseli yake bila kufanya mchezo huo.

Sasa wewe. Usianze na maandamano, na usianze na gazeti. Anza na kujua nini kipo. Piga picha kila farasi, ubavu wa kulia na wa kushoto, safu kwa safu, na uandike tarehe. Mwombe mhudumu akuoneshe kibao au namba ya kiwanda, ambayo mara nyingi iko kwenye mtambo wa katikati, karibu na nguzo kuu. Ukiipata, iandikie Jumuiya ya Taifa ya Karuseli ya Marekani, ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikihesabu karuseli zote za kale na kujua nani alichonga ipi. Watakuambia farasi wenu walipaswa kuwa wangapi. Hiyo picha na hiyo hesabu ndiyo kinga ya kwanza, kwa sababu farasi asiyejulikana huondoka bila kelele.

Kisha omba kuonana na meneja, na nenda na kitu cha kusifu. Watu wa bustani hizi wana bima ya kulipa, mitambo mingine 30, na mabosi walio mbali, na wengi wao wanaipenda karuseli kuliko unavyodhani. Muulize matatu: wale wawili wako wapi; jengo linapata joto majira ya baridi au la; na eneo likiuzwa, karuseli ni sehemu ya ardhi au ni kitu cha kuhamishika? Hilo la tatu ndilo kubwa. Likiwa halina jibu, sasa ndiyo saa ya jumuiya ya mji wenu, baraza la mji, makumbusho ya karibu, kuomba kwa maandishi haki ya kununua kwanza, nzima, kwa bei ya mthamini. Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko kibao cha shaba.

Wala hutakuwa peke yako, maana umeangukia jimbo lenye watu wa kazi hii. Sandusky wana makumbusho ya karuseli ndani ya posta ya zamani, yalizaliwa baada ya stempu za farasi wa karuseli za mwaka 1988, na huko utamwona mchongaji akifanya kazi mbele yako. Mansfield walizindua mwaka 1991 karuseli mpya iliyochongwa kwa mkono, wakati watu walishasema ufundi umekufa na waliokuwa wakiujua. Cleveland wana simulizi ya kukupa moyo. Bustani ya Euclid Beach ilifungwa mwaka 1969, karuseli yake ya 1910 ikauzwa, ikaenda mpaka Maine. Watu wa Cleveland hawakuisahau. Ikarudi mwaka 1997, ikakaa ikisubiri nyumba na fedha, na mwaka 2014 ikazunguka tena ndani ya makumbusho ya historia ya mji. Nilikwenda wiki chache baada ya kufunguliwa. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alikwenda moja kwa moja kwa farasi mmoja, hakutazama wengine, akaweka mkono puani pake, akakaa hivyo mpaka kengele ikalia.

Kwa hiyo waache wanao wapande. Wavae viatu vya mpira, wavue bangili zinazokwaruza, wasikanyage mguu wa farasi wanapopanda bali waweke unyayo kwenye kikuku chake, ile pete ya kukanyagia iliyo ubavuni, na wasishike masikio, maana masikio ndiyo ya kwanza kuvunjika. Mwaka huu kabla hawajafunga msimu, nenda siku ya wiki asubuhi, wakati hakuna foleni na mhudumu ana nafasi ya kuongea. Nitumie picha za wale wenye nyufa, na moja ya karibu ya kichwa cha farasi wa nje, ubavu wa kulia, jicho na pua vionekane vizuri. Nikiona jicho, huenda nikakutajia mkono uliomchonga.